Mota ya wati 1,000 kwa kiberenge cha watu wawili: je, ni kubwa mno?

Mwanafunzi, Ubungo
Habari zenu, wakuu. Tunatengeneza kiberenge cha umeme cha kupita kwenye reli yenye upana wa milimita 1,000. Kikiwa na watu wawili kitakuwa na kilo 260, nacho kitakwenda kilomita 20 kwa saa. Mota tuliyoipata ni ya wati 1,000, na tulipoijaribu mezani ilikula umeme mwingi hata ilipokuwa haivuti kitu. Je, tuibadilishe?

Mhandisi mstaafu, Temeke
Ibadilisheni, kijana wangu. Gurudumu la chuma juu ya reli hukinzwa kwa takriban sehemu 2 tu kati ya 1,000 za uzito unaolilemea, ilhali tairi la gari kwenye lami hukinzwa kama mara tano ya hapo. Kwa kilo 260 hizo ni nyutoni (kipimo cha nguvu) 5 hivi, na upepo, ikiwa umbo lake halikuchongoka mbele, unaweza kuongeza nyutoni 11. Kwa mwendo wenu hiyo ni kazi ya wati 90. Mota kubwa ikipewa kazi ndogo namna hiyo, umeme unaopotea katika chuma chake na beringi zake haupungui kwa kiasi hicho, hivyo sehemu kubwa ya betri huishia kuwa joto. Angalieni pia miinuko: mita 1 kwa kila mita 100 inaongeza nyutoni 25, na hapo mtahitaji wati 230 hivi.

Fundi wa mota, Vingunguti
Nakubaliana na mzee. Mnyororo mmoja unatosha, na muweke friwili ya baiskeli, ili mkishapata mwendo mzime mota na kiberenge kiserereke bila kuizungusha.

Mwanafunzi, Ubungo
Ahsanteni sana. Lakini tukiweka friwili, mota haitaweza kurudisha umeme kwenye betri wakati wa kufunga breki.

Mhandisi mstaafu, Temeke
Ni kweli, ila pigeni hesabu ya kinachopotea. Kwa kilomita 20 kwa saa kiberenge kimebeba jouli 4,000 hivi, yaani wati-saa 1 na kidogo, na njiani kuirudia betri sehemu yake ingepotea. Kikiachwa kiserereke kwenye tambarare, jouli hizo hizo zitakisogeza zaidi ya mita 250. Ningeshauri vingine kama mngekuwa na vituo vingi au mteremko mrefu. Breki za magurudumu ni lazima kwa vyovyote vile. Kabla ya kununua mota nyingine, kivuteni polepole kwa mizani ya springi kwenye reli yenyewe, kwani beringi zilizokazwa vibaya zinaweza kuzidisha zile nyutoni 5 maradufu.