Kikundi: UKOO WA MUHEZA 🌴 (disketi za marehemu Ami)

Alhamisi

06:41 Da Mwana: Asalaam alaykum wote. Kikao ni Jumamosi baada ya adhuhuri. Nasaba na muhtasari wa shamba vimo kwenye disketi za marehemu Ami, karatasi hazipo tena, mnajua wenyewe zilikokwenda. Nataka vichapishwe kabla ya Ijumaa magharibi. Chiku anazo mkononi. Saidi, Nassor, amkeni.

06:58 Da Mwana: Watu kumi na moja mmesoma. Hata salamu hamuitikii.

07:15 Chiku: Waalaykum salaam Da Mwana. Ziko 9, za inchi tatu na nusu. Draivu ya USB nimeazima. Naingiza ya kwanza?

07:16 Saidi: SUBIRI Chiku. Geuza disketi, kwenye kona kuna kidude cha plastiki kinachoteleza. Kisogeze mpaka tundu liwe wazi. Tundu wazi, kompyuta inasoma tu, haiwezi kuandika juu yake. Fanya hivyo zote 9 kabla ya kuingiza hata moja. Kona ya pili kuna tundu lisilo na kidude, hilo ni alama ya 1.44 MB, liache.

07:18 Saidi: Windows ikikwambia disketi inataka kufomatiwa, bonyeza Cancel. Maana yake imeshindwa kusoma sekta ya mwanzo, si kwamba disketi ni tupu. Ukikubali, kwaheri.

07:19 Saidi: Na la mwisho. Fungua kile kilango cha chuma kwa kidole, zungusha kitovu cha nyuma polepole, utazame kisahani laini cha ndani kwenye mwanga. Kinatakiwa kiwe cha kahawia au cheusi, kinang'aa. Ukiona madoa meupe kama vumbi la unga, hiyo ni kuvu. Yenye kuvu iweke pembeni.

07:31 Bakari: Mimi ninayo ya inchi tano na robo, nimeitundika ukutani mgeni akija anadhani ni picha ya harusi 😂😂

07:32 Zuwena: 😂😂😂 ya harusi ya nani tena

07:32 Bakari: Ile isiyotajwa

07:33 Da Mwana: Bakari si leo. Tafadhali.

08:50 Chiku: Nimeshasogeza. 7 safi. Ya 8 sina hakika. Ya 9 ina vidoa. Nimenakili disketi ya 1 mpaka ya 4 kwenye folda. Kuna NASABA.1, NASABA.2, NASABA.BK!, MKUTANO na BARUA.DOC. Nikibofya mara mbili Windows inauliza nifungue kwa programu gani. Nichague Word?

08:52 Nassor Maskati: Asubuhi njema. Usichague Word. Mwisho wa jina hauna maana hapo, zama za DOS, kabla ya Windows, mtu aliweka herufi tatu anazotaka yeye. Tazama mwanzo wa faili. Fungua NAKALA kwa Notepad, soma herufi za kwanza, ufunge bila kuhifadhi. Ukihifadhi kwa Notepad faili imeharibika.

08:54 Nassor Maskati: Ikianza na ÿWPC ni WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia. ÐÏ ni Word ya kuanzia 6 hadi 2003. {\rtf ni RTF. PK ni hizi za kisasa za docx. Ikianza na maneno yenyewe yasomeke nusunusu, niletee nione.

09:10 Chiku: NASABA zote tatu zimeanza ÿWPC. BARUA.DOC ni ÐÏ. MKUTANO ni hivi:

*Mkutanï wá shambá lá Muhezá. Minazé yá upandå wá kusiné né yá*

Halafu mstari wenye .PA, halafu basi.

09:11 Zuwena: Hiyo lugha gani jamani, Kireno?

09:12 Bakari: Ami alikuwa anaandikia Vasco da Gama

09:14 Nassor Maskati: Ni Kiswahili kitupu. Hiyo ni WordStar, nayo programu ya zamani ya kuandikia. WordStar ya zamani ilitia alama kwenye herufi ya mwisho ya kila neno kwa kuiongezea 128 kwenye namba yake. Windows haijui, inaionyesha kama herufi nyingine. Kwetu ni rahisi kuliko kwa Waingereza maana maneno yetu karibu yote yanaishia irabu. á ni a, å ni e, é ni i, ï ni o, õ ni u. Basi. Majina ndiyo yatakupotosha kidogo, Salim atatoka Salií, kwa sababu m inakuwa í.

09:16 Nassor Maskati: Usibadilishe kwa mkono, utaruka moja. Saidi ana Linux, amri ni hii:

LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < MKUTANO > mkutano.txt

Inaondoa 128 kila mahali. Mistari inayoanza na nukta ni maagizo ya kuchapisha, .PA ni ukurasa mpya. Mwishoni zikibaki alama za ajabu zimepangana, ni za kujazia faili ifike kipande cha baiti 128. Zifute.

09:20 Saidi: Sawa. Chiku nitumie kama faili, usinakili maandishi uyabandike hapa, baiti zitabadilika njiani.

09:22 Da Mwana: "Minazi ya upande wa kusini ni ya". Ya NANI?

09:25 Chiku: Inaishia hapo Da Mwana. Disketi ya 9 ina karatasi imeandikwa MKUTANO2.

09:40 Da Mwana: Hiyo yenye kuvu.

09:41 Chiku: Ndiyo.

10:05 Saidi: Tuendelee na nasaba kwanza. Chiku, weka LibreOffice, programu ya kuandikia ya bure. Fungua NASABA.1 kutoka ndani ya programu. Ikikuletea dirisha la alama alama, badilisha jina la nakala liwe nasaba1.wpd ujaribu tena. Usihangaike kutafuta WordPerfect yenyewe, 5.1 ni ya DOS na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS. Ingebidi DOSBox, programu ya kuigiza DOS, na hatuna haja nayo leo.

11:37 Chiku: IMEFUNGUKA. Nawatumia.

11:38 Chiku: 📷 Picha

11:52 Shangazi Rukia: Nimeona.

11:52 Shangazi Rukia: Kwa hiyo mimi ni wa Bi Time.

11:53 Shangazi Rukia: Miaka yote nasema kuna mkono ulipita humo naambiwa nina maneno. Haya, mstari huo unanishukia kutoka kwa Bi Time. Kila mtu atazame.

11:55 Da Mwana: Shangazi tulia kwanza.

11:55 Shangazi Rukia: Usiniambie nitulie Mwanaidi. Hata kwenye mabati mliniambia nitulie.

11:58 Saidi: Shangazi shikamoo. Naomba unisikilize kabla ya lolote. Huo mstari umehama, haukuandikwa hapo. Ami alichora mti kwa Ctrl+F3 kisha 2, ule uchoraji wa mistari wa WordPerfect. Mistari ile ni herufi kama herufi nyingine. Kwenye mashine yake kila herufi ilikuwa na upana sawa, i sawa na m. LibreOffice imeweka mwandiko ambao i ni nyembamba na m ni nene, ndiyo maana kila mstari wa chini umesogea kushoto au kulia. Tazama jina la Mwanamkasi, lina m mbili na w, mstari wake umetupwa mbali kuliko wote.

11:59 Saidi: Chiku, Ctrl+A, chagua mwandiko wa Liberation Mono au Courier New, ukubwa 10. Nafasi kati ya aya iwe 0. Safu 80 kwa ukubwa huo zinaenea kwenye A4 ya wima yenye pambizo za sentimita 2. Mti wa Ami ni mpana zaidi, laza ukurasa, zitaingia kama 120. Mstari ukikunjika kurudi chini, mti wote unavurugika upya, kwa hiyo shusha ukubwa mpaka 8 usikubali ukunjike.

12:20 Chiku: 📷 Picha

12:21 Chiku: Mistari imenyooka. Shangazi Rukia yuko chini ya Bibi.

12:40 Shangazi Rukia: Nimeona.

13:05 Mjomba Athumani: Mimi naona tarehe ya hizo faili. 01/01/1980. Mwaka huo hilo shamba halijagawanywa, na Rukia hajaolewa. Sasa nasaba gani hiyo ina watoto wa Rukia? Kuna mtu ameiandika juzi.

13:12 Nassor Maskati: Mjomba shikamoo. Tarehe hiyo si ya kuaminika. Betri ndogo ya saa ya kompyuta ikifa, DOS inaanza na tarehe 1 Januari 1980 kila ukiwasha, mpaka mtu aandike tarehe mwenyewe. WordPerfect 5.1 yenyewe ilitoka 1989, haiwezekani ameitumia 1980. Tarehe hiyo inatuambia betri ilikufa, haituambii faili iliandikwa lini.

13:13 Mjomba Athumani: Basi iliandikwa lini?

13:15 Nassor Maskati: Tutafute ndani ya maandishi yenyewe. Tarehe ya mtoto wa mwisho kuzaliwa aliyemo humo.

13:30 Shangazi Rukia: Hiyo NASABA.BK! ni nini?

13:34 Nassor Maskati: Ni akiba Shangazi. WordPerfect ikipangwa hivyo, kila ukihifadhi inaiacha ile ya kabla yake kwa jina hilohilo lenye mwisho BK!. Kwa hiyo ni nasaba kabla ya badiliko la mwisho.

13:34 Shangazi Rukia: Fungueni.

13:36 Nassor Maskati: Kuna tatizo moja. NASABA.1 na NASABA.2 zote zinatoa akiba ya jina moja, NASABA.BK!, ya karibuni inaifuta ya kwanza. Hatujui hii ni ya ipi mpaka tuzilinganishe zote tatu mstari kwa mstari. Ikifunguliwa peke yake ikatumwa hapa kama picha, watu watasoma kisichokuwepo.

13:37 Shangazi Rukia: Fungueni nimesema.

13:50 Da Mwana: Chiku usitume kitu.

15:22 Zuwena: Bibi amesomewa yote. Ananiambia niandike kama alivyosema, nisiongeze:

"Rukia nimemzaa mimi, hilo halitafutwi kwenye mashine. Hiyo ya zamani isifunguliwe kwenye simu za watu. Aje Saidi aifungue hapa, nami nimekaa, na Athumani amekaa. Na disketi zisitoke nyumbani."

15:58 Da Mwana: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

16:10 Nassor Maskati: Shikamoo Bibi.

17:45 Saidi: Shikamoo Bibi. Ijumaa nina kazi Dar mpaka saa sita. Nitatazama basi la mchana.

17:46 Da Mwana: Kutazama au kupanda?

Ijumaa

07:03 Da Mwana: Saidi jibu. Chiku, BARUA.DOC imefunguka?

07:20 Chiku: Word imekataa, inasema aina hiyo ya faili imezuiwa.

07:24 Saidi: Hiyo Word ya zamani sana, wameizuia kwa usalama. Ifungue kwa LibreOffice tu. Ukitaka lazima Word: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, File Block Settings, ondoa tiki ya Open kwenye mstari wa Word 6.0 au wa Word 95. Ukimaliza rudisha tiki.

07:25 Da Mwana: Basi Saidi, basi. Unakuja?

07:41 Chiku: Samahani, hii ya 9 inalia krr krr. Nimeiweka mara moja tu nione kama MKUTANO2 ipo.

07:41 Saidi: ITOE.

07:42 Saidi: Itoe na usiingize nyingine yoyote, hata zile safi. Kuvu imebaki kwenye kichwa cha kusomea, disketi itakayofuata itakwaruzwa. Kichwa kisafishwe kwa IPA (alkoholi ya isopropili) ya asilimia 99, ile ya mafundi simu, si spiriti ya duka la dawa, ile ina maji mengi. Ya 9 nitakisafisha kisahani chake mwenyewe nikifika, halafu nichukue nakala nzima ya disketi, baiti kwa baiti, kwa ddrescue, programu ya kuokoa data. Ikitoka baiti 1,474,560 bila shimo, MKUTANO2 tunaipata.

07:44 Da Mwana: "Nikifika" lini?

08:30 Mjomba Athumani: 👍

08:31 Da Mwana: Mjomba, hiyo ni ya kukaa na Bibi au ya kuvu?

11:52 Bakari: Nimeona sasa hivi. IPA anayo fundi simu wa barabara ya 8, amefunga, anarudi baada ya sala. Nichukue mililita ngapi?