Mrejesho: volti 12 kwenye lori la M35A2

Niliuliza namna ya kupata volti 12 za redio kwenye lori langu la M35A2, lililokuwa la jeshi la Marekani, ambalo hutumia volti 24 kutoka betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Nawashukuru sana mlionikataza kuchukua umeme kwenye betri moja, kwani hiyo ingepungukiwa chaji huku ya pili ikizidishiwa, hadi zote mbili ziharibike. Nimefunga konvata ya kushusha volti 24 hadi 12, na fyuzi yake nimeiweka karibu kabisa na betri. Kwangu hilo ni muhimu kuliko konvata yenyewe, maana waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa chasisi unaweza kuwasha moto. Redio inafanya kazi vizuri.