Mtoto wa miaka 2 na miezi 3 haongei, vitabu vya picha vinasaidia?

MamaJunia: Habari wapendwa, mwanangu maneno anayosema hayafiki 15, akitaka kitu ananivuta mkono tu. Nimemnunulia kitabu cha picha za wanyama nikawa namsomea, kabla sijafika ukurasa wa tatu keshakimbia. Nakosea wapi jamani?

BintiTanga: Pole mama. Usimsomee, ongea nae hizo picha. Mie nilikuwa naweka kidole kwenye kuku nasema "kuku" halafu nanyamaza, nahesabu mpaka tano kimoyomoyo huku namwangalia usoni, maana sisi wakubwa tunawahi sana kujibu. Siku moja mwanangu akasema "kuu", nikamrudishia "eeh, kuku! Kuku anakula mchele". Usimwambie sema vizuri, we muongezee tu neno moja mawili. Na kitabu kilekile kila siku hata kama we umekichoka.

BabaPacha: Mwachie afungue kurasa mwenyewe, akianzia mwisho sawa tu. Dakika tano zatosha. Vya Kiswahili vya bure vipo kwenye tovuti ya African Storybook, unadanlodi kwenye simu.

DadaNesi: Vitabu endelea navyo, ila watoto wengi wakifika miaka 2 wana maneno kama 50 na wanaunganisha mawili, "mama njoo". Mpeleke akapimwe masikio, hata kama anageuka ukimwita. Usisubiri, nakuomba sana.

MamaJunia: Asanteni mno. Masikio wanapima kliniki ya kawaida?

DadaNesi: Anzia hapo, uombe rufaa ya idara ya masikio, pua na koo.