Manzese na Tandale: zivunjwe zijengwe upya, au zirekebishwe zilivyo?

Mtoa mada

Wakuu, kila masika Dar es Salaam swali hili linarudi. Kuna wanaosema Manzese na Tandale zibomolewe zote zijengwe maghorofa, kwa sababu ziko karibu na katikati ya jiji na mwendokasi inapita Barabara ya Morogoro tangu 2016. Wengine wanasema zirekebishwe zilivyo: njia, mitaro, vyoo, hati. Naomba tujadili kwa hesabu, tuiache kando sifa mbaya ya jina.

Kubomoa kulishajaribiwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa 1962, nyumba za udongo za Magomeni na kwingineko zilivunjwa zikajengwa za saruji. Zilikuwa nzuri, ila jiji halikupata nyumba za ziada kwa kiasi kilichotarajiwa, maana kila iliyojengwa ilianza kwa kufuta iliyokuwepo. Mwaka 1972 sera ikageuzwa. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaingizwa kwenye uboreshaji wa makazi yaliyokuwepo. Leo ukivuka kutoka Tandale kuingia Sinza unaona tofauti hatua chache tu. Watu walewale, fundi walewale, tofali zilezile. Upande mmoja barabara ilichorwa kabla ya nyumba, upande wa pili nyumba ilitangulia. Basi.

Darajani

Mimi nasema zivunjwe, na sisemi kwa chuki. Gari la zimamoto linahitaji njia ya mita 3.5 hadi 4. Humo ndani kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja anageuka ubavu ili mwenzake mwenye ndoo kichwani apite. Moto ukianza chumba cha uani, maji yanatoka kwa majirani na ndoo zao.

Mto Ng'ombe unaopita huku umejengewa mfereji wa zege kupitia DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam, ule wa mkopo wa dola milioni 300 uliosainiwa 2015. Barabara kadhaa za ndani zimepata lami, mitaro na taa. Sipingi, kazi imeonekana. Lakini maji ya paa la nyumba ya nne kutoka barabarani yanafikaje kwenye mfereji huo? Hakuna nafasi ya mtaro kati ya kuta. Yanazunguka msingini hadi yaingie ndani. Na nyumba isiyo na ghorofa kando ya kituo cha mwendokasi ni matumizi mabaya ya ardhi, tukubali.

Magomeni Kota kubomoa na kujenga ghorofa kumewezekana: kaya 644, nyumba 656, zikazinduliwa Machi 2022. Kwa nini Manzese ishindikane?

Mthamini

Mkuu Darajani, Magomeni Kota si mfano wa Manzese. Kule ardhi ilikuwa ya umma na wakazi walikuwa wapangaji wa halmashauri. Orodha ya kaya 644 ilikuwepo, hapakuwa na kiwanja cha mtu wa kununua. Hata hivyo, tangu watu watolewe hadi warudi ilipita karibu miaka kumi. Manzese kila nyumba ina mwenyewe, ana leseni ya makazi au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na hivyo vyote vinatambulika kwenye fidia.

Tuangalie fidia yenyewe. Mthamini akija anaandika thamani ya soko ya ardhi, kisha jengo na mazao. Inafuata posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa riba ya wastani ya amana za mwaka mmoja benki. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Posho ya malazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, na kama kuna biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Hayo yote yanamhusu mwenye nyumba au mwenye biashara. Mpangaji wa chumba hana mstari kwenye jedwali hilo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na vingine viwili vitatu uani, inaweza kuwa na kaya saba, na fidia ikasainiwa na mtu mmoja ambaye pengine anaishi Mbagala.

Ndiyo maana kubomoa hakumalizi makazi holela. Kunayasogeza. Mwenye nyumba ananunua kiwanja pembezoni mwa mji, wapangaji wanabanana kwenye vyumba vilivyobaki Mburahati na Mabibo, kodi inapanda huko.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, na uthamini ukipita miaka miwili hauna nguvu tena, unarudiwa. Sasa tangazeni kubomoa mtaa mzima kabla fedha haijapatikana. Nyumba inapigwa alama nyekundu, mwenye nyumba anaacha kukarabati, choo kinajaa hakinyonywi, mpangaji anayejiweza anahama. Mtaa unakufa kabla ya tingatinga kufika, halafu uchakavu huohuo unatumika kama sababu ya kuubomoa.

Mkadiriaji

Niongeze gharama za ujenzi. Hizi ni namba za kufanyia makisio, si bei ya mradi wowote.

Chukua nyumba kumi zilizopakana, kila kiwanja mita za mraba 200. Jumla 2,000. Kaya saba kila nyumba, kaya 70. Ukitumia nusu ya ardhi kwa jengo, kila sakafu ni mita za mraba 1,000. Kila kaya uipe nyumba ndogo ya mita za mraba 45: unapata 3,150. Ongeza asilimia 20 ya ngazi, korido na kuta, inakuwa 3,780, yaani sakafu nne. Kwa hiyo nafasi ipo, hapo Darajani uko sahihi. Ghorofa nne zisizo na lifti zinawabeba wote na nusu ya ardhi inabaki wazi.

Sasa weka shilingi milioni 1 kwa mita ya mraba. Jengo ni bilioni 3.78, sawa na milioni 54 kwa kaya. Mkopo wa riba ya asilimia 13 kwa miaka 15 unadai karibu shilingi 683,000 kila mwezi, kabla ya mlinzi, pampu ya maji na taa za ngazi. Mama lishe anayepanga chumba kimoja hawezi kuisogelea namba hiyo hata ukiigawa mara tano. Jengo litasimama, na atakayeishi humo atakuwa mtu mwingine.

Kwa Mtogole

Suala la sifa mmelipita haraka. Sifa ina bei. Dalali mwenye chumba Tandale anakitangaza kuwa kiko Sinza, mpangaji anagundua siku ya kwenda kuona. Uwanja wa Fisi, sehemu moja tu ya Manzese, umebandikwa kata nzima. Mtu anasikia jina anawaza kibaka na gongo. Hawazi soko la nafaka la Tandale, ambako mchele, maharage na mahindi ya bara yanashushwa na kusambazwa jijini. Hawazi mafundi viatu, cherehani, gereji, gesti zilizojengwa kwa ajili ya abiria wa Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi 2021.

Na sifa haibadilishwi kwa kupaka rangi. Taa za barabarani zimefanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu genge linafunga saa nne usiku badala ya saa moja, na njia yenye magenge ina macho ya watu. Anwani za makazi za 2022 nazo zilikuwa hatua nzuri, bajaji inayomfuata mgonjwa usiku inapata jina la njia. Ila kibao kikianguka hakirudishwi.

Kingine ni gharama ambazo mpangaji anabeba bila kuonekana. LUKU moja, kaya saba. Bei nafuu ya umeme ni kwa mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kila kaya peke yake isingezifikia, zikichangia mita zinavuka ndani ya wiki mbili, na wote wanalipa bei ya juu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, anaikuta yule aliyenunua umeme siku hiyo. Kurekebisha mtaa kungeanza na mita ndogo kwa kila chumba.

Fundi Majitaka

Mnabishana juu ya ghorofa, tatizo liko chini. Sehemu kubwa za huku maji ya ardhini yako karibu, masika shimo la choo linajaa kutokea chini kabla watu hawajalijaza kutokea juu. Ndiyo maana vyoo vingine vimeinuliwa, unapanda ngazi tatu nne kuingia. Gari la kunyonya linahitaji kusogea, mpira wake haufai kuvutwa zaidi ya mita 50 au 60, na hata ukifika unavuta maji ya juu tu. Tope zito la chini na mchanga havivutiki, wiki chache choo kimejaa tena. Pale gari lisipofika, watu wanatapisha: linachimbwa shimo jingine pembeni, ukuta wa choo unatobolewa, au mvua ikichanganya kizibo kinafunguliwa na yote yanaondoka na maji ya mtaani. Kipindupindu cha 2015 kilianzia wilaya ya Kinondoni, ambayo wakati ule Manzese na Tandale zote zilikuwa ndani yake.

Dawa haihitaji kubomoa nyumba. Pampu ya mkono na mapipa juu ya guta yanafika kwenye kichochoro cha mita moja. Kikubwa zaidi ni bomba dogo la majitaka, kama lililowekwa Vingunguti kwa ushirikiano wa CCI, shirika lisilo la kiserikali, na wakazi. Bomba la inchi 4 linapita uani na vichochoroni, halifuati barabara. Pasipopita gari, kina cha sentimita 40 hadi 60 kinatosha. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita ni salama. Nusu yake inawezekana pale nyumba nyingi zinamwaga pamoja. Chemba kila kona na kila makutano. Kabla ya bomba la jikoni kuungwa, chemba ndogo ya kunasa mchanga na mafuta, maana sufuria huku zinasuguliwa kwa mchanga.

Linakwama kwa mambo matatu. Pampasi na matambara. Mwenye nyumba anayeunganisha maji ya paa ili uani pasituame: mvua moja, chemba za chini zinafurika ndani ya nyumba ya jirani. Na mwenye uani anayejenga chumba juu ya chemba. La tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu bomba likiziba hapo nyumba zote za juu yake zinarudishiwa.

Darajani

Dada Mkadiriaji, nimeikubali namba yako. Basi nibadilishe hoja: wenye nyumba kumi waunganishe viwanja wenyewe, mwekezaji ajenge, kila mmoja apate sehemu zake, na ghorofa ya chini iwe maduka yanayolipia gharama. Sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ipo tangu 2008. Kariakoo wamefanya kwa kiwanja kimoja kimoja.

Mthamini

Kariakoo mitaa ilinyooshwa na viwanja vikapimwa zamani, hivyo kila jengo jipya lina barabara mbele yake. Na wakazi wa zamani wa vyumba wametoweka, zimebaki stoo na maduka. Jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024 nalo litukumbushe usimamizi.

Hoja yako inawezekana, lakini kati ya nyumba kumi utakuta kadhaa ni za urithi. Mzee amefariki, msimamizi wa mirathi hajateuliwa, au aliteuliwa Mahakama ya Mwanzo na hajawahi kuwasilisha orodha ya mali wala hesabu. Hakuna benki itakayogusa hapo. Mwenye nia aanze na mirathi, kisha urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango: mkutano wa mtaa, kamati, mchoro wa mipangomiji ukubaliwe, bikoni (alama za mipaka) zipandwe, ramani ya upimaji isajiliwe, ndipo hati. Wizara iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja kwa kampuni za urasimishaji, na mahali pengi kazi ilikwama baada ya hela kukusanywa na mchoro kutoidhinishwa. Lipeni kwa awamu, kila awamu baada ya karatasi yake. Na kwenye mkataba na mwekezaji iandikwe idadi ya vyumba vya kupangisha kwa bei ya mpangaji wa sasa. Isipoandikwa haitakuwepo.

Mtoa mada

Fundi, mtaa unaosubiri njia zake zimwagiwe zege mwaka huu ufanye nini kwanza?

Fundi Majitaka

Usikubali zege limwagwe kabla ya bomba. Kama fedha ya bomba haipo, dai vitu viwili kwa mkandarasi. Kwanza, kila baada ya nyumba mbili alaze kipande cha bomba la inchi 6 kikatize chini ya njia, ncha zote zifungwe kizibo na zipakwe alama ukutani. Siku ya kuunganisha, bomba la inchi 4 linasukumwa humo bila kukata kitu. Pili, uso wa zege ubaki chini ya vizingiti vya milango kwa angalau sentimita 15. Wakiongeza kifusi ili kazi iende haraka, njia inakuwa juu ya nyumba, na maji yaliyokuwa barabarani yanahamia vyumbani. Kamati ya mtaa ipime usawa kwa kamba na mpira wa fundi wenye maji, mlango kwa mlango, kabla gari la zege halijaingia.