Tupeane uzoefu: wingu lilipokunyima jua au mwezi

Wakuu, hasira za Septemba 7, 2025 bado ninazo. Jumapili ile mwezi ulipatwa wote, kwa saa zetu kuanzia 2:30 hadi 3:52 usiku. Nikapandisha watoto juu ya paa hapa Tabata, mkeka, kahawa, kashata. Saa moja na nusu mwezi ukaanza kumegwa pembeni, watoto wakashangilia. Ndipo yakaja yale mawingu ya kusi, vipande vipande kutoka baharini, kila kimoja unadhani ndicho cha mwisho. Ule wekundu wa mwezi ukishapatwa wote tuliuona kwa sekunde chache, kama kaa lililofukiwa kwenye majivu. Shemeji yuko Dodoma, huko kiangazi mbingu wazi. Akanitumia picha sita. Sikumjibu.

Leteni zenu.

*Wa Turkana:*
Wewe shukuru, ulipata sekunde. Novemba 3, 2013 jua lilipatwa kabisa huku, jioni. Nilikuwa upande wa hifadhi ya Sibiloi na wageni wenye kamera ndefu kama mitutu. Giza kamili lingedumu kama sekunde 15 tu, na watu wamevuka bahari kwa hizo! Upepo ukaamka na vumbi lake, wingu likajaa, jua likamezwa. Mgeni mmoja alikaa kwa jiwe akashika kichwa. Lakini sikia: giza lilikuja vilevile. Kivuli cha mwezi hakiulizi wingu ruhusa. Kiliteremka kama mtu amefunika sufuria, mbuzi wakageuka kurudi zizini, na kabla mchungaji hajaelewa, mwangaza ukarudi. Jua sikuliona, ila ile sufuria siisahau.

*Wa Wete:*
Nyinyi mnangoja miaka. Sisi kila tarehe 29 Shaabani tupo ufukweni, macho magharibi. Hilali nyembamba kama ukucha na haikai, pengine nusu saa baada ya jua kuchwa ishazama. Ikiangukia masika ndio balaa. Mwaka mmoja wingu limesimama upande wa bara kama ukuta. Mzee mmoja akaapa kauona. Akaambiwa aoneshe, kidole kikaenda kwenye wingu lile lile. Basi, mwezi ukizibwa hukumu yake inajulikana, unakamilisha thelathini. Tukarudi zetu kulala. Saa nne usiku redio inasema umeandama kwengine. Mama akainuka kutafuta cha kupika daku, huku anasonya. (Mambo ya mwezi wa kitaifa na wa dunia msiyaanze hapa, uzi utafungwa.)

*Wa Morogoro:*
Mimi wingu lilinidanganya. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa, wa Rujewa waliliona limebaki pete kuzunguka mwezi, sisi tukapata jua la kumegwa. Miwani ya kutazamia jua hatuna. Mwalimu mmoja akatuita chini ya mwembe, tazameni ardhini: kila upenyo kati ya majani umetupa kijijua chake, mamia ya hilali ndogo zinacheza mchangani. Likapita wingu jepesi kutoka Uluguru, zote zikafutika. Nami nikainua kichwa, maana jua limefifia, linatazamika, limekaa kama kipande cha nazi. Wingu likachanika ghafla. Doa jeusi nililiona mbele ya jicho mpaka jioni. Wakuu, wingu si miwani, linapunguza mng'ao tu.

*Wa Njombe:*
Na lile duara kubwa kuzunguka mwezi je? Bibi alikuwa akiliona anaingiza kuni ndani.

*Mleta uzi:*
Hilo ni wingu jembamba la juu sana, limejaa chembe za barafu zinazopinda mwanga. Nyoosha mkono ukunje ngumi: kutoka mwezini hadi kwenye duara ni kama ngumi mbili. Wingu hilo mara nyingi hutangulia mvua, kwa hiyo bibi hakuwa mbali.

Wa Jeddah mliomo humu, Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kwenu, na mawingu ya Agosti huko ni ya kutafuta. Nani ana nafasi sebuleni? Watoto nitawaacha kwa shemeji.