Kikundi cha ukoo: Zawadi asome mchana au jioni?

Zawadi: Shikamooni wazazi wangu. Dada Rukia, mambo. Nina swali zito kidogo. Dirisha la udahili limefunguliwa na nataka kuomba shahada ya uhasibu kwenye kile chuo cha mjini. Diploma yangu ni GPA 3.4. Kuna mkondo wa mchana na wa jioni. Kazini ni pale pale Tazara hapa Dar, stoo, saa 2 asubuhi hadi 11 jioni, Jumamosi hadi saa 7 mchana. Nyumbani Gongo la Mboto. Vipindi vya jioni ni saa 11:30 mpaka saa 3 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Naomba tupige hesabu pamoja.

Mama Zawadi: Mimi wasiwasi wangu ni huo usiku tu. Saa 3 mjini, nyumbani saa ngapi?

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Dada, hilo la usiku tutalifikia. Tuanze na saa zenyewe, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa.

Mjomba Saidi: Zawadi, chukua kalamu. Shahada ya miaka mitatu kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Si za kukaa darasani peke yake: ni darasa, semina, asaimenti na kujisomea vyote kwa pamoja. Kwa hiyo muhula mmoja ni saa 600. Gawanya kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kila wiki.

Mjomba Saidi: Sasa jioni zako tano, saa tatu na nusu kila moja, ni saa 17 na nusu. Bado saa 22 na nusu hazijapata mahali pa kukaa. Hizo ndizo chuo hakikuandikii kwenye ratiba.

Zawadi: Jumamosi naweza saa 9 alasiri mpaka saa 1 usiku, hiyo 4. Jumapili baada ya kanisa 6. Alfajiri naamka saa 10, nasoma saa moja na nusu kila siku ya kazi, hiyo 7 na nusu. Na saa ya chakula kazini, siku tano, 5. Jumla 22 na nusu. Inatosha mjomba!

Dada Rukia: Imetosha kwenye karatasi. Ukitoka darasani saa 3, unafika Gongo la Mboto saa 4 na robo ikiwa gari halijasumbua. Kuoga, kula, kupanga nguo, saa 5 usiku. Ukiamka saa 10 alfajiri umepata usingizi wa saa tano tu. Siku moja si tatizo, ila wiki 15 mfululizo mtu anaanza kusinzia kwenye kipindi cha pili, na mahesabu ya kodi hayasomwi kwa kusinzia.

Mama Zawadi: Na kula mchana ataacha? Haiwezekani.

Mjomba Saidi: Ndiyo maana swali la kwanza kwa ofisi ya udahili si ada. Uliza: "Mkondo wa jioni ni miaka mitatu au minne?" Ikiwa wanaruhusu minne, 360 gawanya kwa 4 ni krediti 90 kwa mwaka. Hapo wiki inakuwa saa 30 badala ya 40. Zile 10 zilizopungua ni karibu zote ulizokuwa unaziiba alfajiri na kwenye chakula. Mwaka mmoja zaidi unanunua usingizi wako.

Zawadi: Sikuwahi kufikiria hilo. Nilidhani jioni ni kozi ile ile, saa tofauti tu.

Dada Rukia: Kozi ni ile ile, na cheti ni kile kile ikiwa programu imesajiliwa. Tazama kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, programu ina namba yake. Jina la shahada walilokupa kwa mdomo na lililo kwenye mwongozo yalingane neno kwa neno. Ila usidhani mchana maana yake asubuhi mpaka adhuhuri! Vyuo vikubwa vina uhaba wa kumbi, kipindi cha mchana kinaweza kuwa saa 1 asubuhi, kinachofuata saa 8, na semina saa 12 jioni. Anayesema "nitasoma mchana halafu nifanye kazi nusu siku" asubiri kwanza aione ratiba.

Shangazi Mwajuma: Nimewasoma wote. Nije upande wa kazi na mkopo, maana hivi viwili vinafungana.

Shangazi Mwajuma: Zawadi, mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni wa mwanafunzi wa muda wote, asiye na ajira wala mkataba unaomwingizia kipato, na umri usizidi miaka 35. Kwa hiyo ukichagua jioni na kubaki kazini, sahau Bodi, panga ada kutoka mfukoni. Ukichagua mchana ukaacha kazi, unaweza kuomba. Usije ukaomba mkopo huku jina lako bado liko kwenye orodha ya mishahara. Michango yako ya hifadhi ya jamii NSSF inaonekana, na ukipoteza mkopo mwaka wa pili hutakuwa na mkopo wala kazi.

Zawadi: Na bumu, ile posho ya kujikimu, ni kiasi gani siku hizi shangazi?

Shangazi Mwajuma: Chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Hutolewa kwa mafungu ya siku 60 hivi, yaani 600,000 kwa mkupuo. Linganisha na mshahara wako baada ya makato, utajua mwenyewe. Na ada hawalipi lazima yote, inategemea uhitaji wanaokupimia. Baadaye ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Mjomba Saidi: Ongezea hapo: dirisha la mkopo mara nyingi hufungwa kabla au karibu na majibu ya udahili. Ukisubiri uchaguliwe ndiyo uamue, umechelewa. Kama kuna hata chembe ya kuelekea mchana, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, wiki hii, maana hicho ndicho hukwamisha wengi. Utahitaji na mdhamini mwenye namba ya NIDA, sahihi za serikali ya mtaa, na 30,000 ya maombi.

Zawadi: Sielekei mchana mjomba. Mshahara wangu ndiyo unalipa ada ya mdogo wangu.

Mama Zawadi: 🙏🏾

Shangazi Mwajuma: Basi tumebaki na jioni, tuijenge vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zako ni 45 kamili, Jumatatu hadi Ijumaa 8 na Jumamosi 5. Juu ya hapo ni ovataimu, na ovataimu ni kwa makubaliano, haiwezi kuzidi saa 50 ndani ya wiki nne. Kwa hiyo una haki ya kutokubali ovataimu jioni za vipindi, lakini iseme mapema na kwa maandishi, usingoje siku gari la mzigo limeingia saa 10 na nusu.

Shangazi Mwajuma: Likizo ya masomo haimo kwenye likizo za sheria hiyo. Iliyomo ni ya mwaka, ugonjwa, uzazi, na dharura kama msiba. Kutolewa mapema au kupewa wiki ya mtihani ni makubaliano yako na mwajiri. Ulichonacho mkononi ni siku 28 za likizo ya mwaka. Omba zigawanywe: 14 mitihani ya muhula wa kwanza, ambayo kwa kawaida huangukia Februari, na 14 za muhula wa pili, Julai. Mwajiri ndiye anayepanga lini uende likizo, kwa hiyo barua iingie Oktoba, ratiba ya likizo ya mwaka unaofuata haijapangwa.

Dada Rukia: Shangazi umegusa penyewe. Ila stoo ina kitu kinaitwa kufunga mwezi!

Shangazi Mwajuma: Ehee. Zawadi, mwisho wa mwezi mnahesabu stoku siku ngapi?

Zawadi: Mbili, mara nyingine tatu. Siku hizo hakuna anayetoka kabla ya saa 2 usiku.

Dada Rukia: Sasa tazama. Vyuo vingi vinataka mahudhurio asilimia 75 ndipo ukalie mtihani. Somo la vipindi viwili kwa wiki lina vipindi 30 kwa muhula. Asilimia 75 ni 22 na nusu, kwa hiyo 23. Unaruhusiwa kukosa 7, basi. Muhula una mwisho wa mwezi mara tatu au nne, siku mbili mbili au tatu tatu, unakosa jioni 6 hadi 12. Zikitawanyika kwenye masomo mbalimbali, umepona. Zikidondokea jioni za somo lile lile, umekula nafasi zako zote na bado hujaumwa malaria hata siku moja.

Dada Rukia: Dawa yake: ukipewa ratiba, weka kalenda pembeni, tia alama siku za kufunga mwezi, hesabu kila somo linapoteza vipindi vingapi. Lile linaloumia zaidi ndilo la kuzungumza na bosi, ubadilishane na mwenzako siku hiyo moja tu. Bosi hukubali siku moja yenye tarehe kuliko "naomba niwe nawahi".

Mjomba Saidi: Na kama kampuni yenu inafunga mwaka wa hesabu Juni 30, stoku kubwa itagongana na maandalizi ya mtihani wa Julai. Hilo liulize kesho.

Zawadi: Ni Desemba mjomba.

Mjomba Saidi: Alhamdulillah. Desemba chuo kina mapumziko mafupi pia.

Mama Zawadi: Haya, na barabara? Hakuna aliyenijibu.

Dada Rukia: Mama mdogo, hapa ana bahati. Jioni foleni ya Barabara ya Nyerere inatoka mjini kwenda Pugu. Yeye anatoka Tazara kwenda mjini, anapishana nayo. Nusu saa ile inaweza kutosha siku nyingi, ikinyesha haitoshi. Kwa hiyo aombe kazini dakika 15 tu, atoke saa 11 kasoro robo, na azifidie asubuhi kwa kuingia saa 2 kasoro robo. Kurudi saa 3 foleni imepungua, lakini magari nayo yamepungua. Apandie kituo cha mwanzo, asisimame katikati ya njia, hapo yanapita yamejaa. Watoke wakiwa kundi, darasa la jioni lazima litakuwa na wengine wa Ukonga na Gongo la Mboto. Na bodaboda ya kumfikisha nyumbani iwe ya mtu mmoja anayemjua, wamelipana kwa mwezi.

Mama Zawadi: Hiyo ya kundi nimeipenda. Bodaboda nitamtafuta mimi, wale wa kijiwe cha hapa chini nawajua na mama zao.

Dada Rukia: Jambo jingine ambalo halisemwi kwenye vipeperushi: ofisi za chuo. Mhasibu, msajili, idara ya mitihani, kwa vyuo vya serikali hufunga saa 9 na nusu alasiri. Mwanafunzi wa jioni anafika mlango umefungwa. Ndiyo maana wengi wanakosa kibali cha mtihani si kwa kukosa ada, bali kwa kukosa kuhakikiwa malipo. Namba ya malipo ichukuliwe kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, lipa angalau wiki mbili kabla, piga picha ya risiti, halafu ingia kuona kama salio limesoma. Halijasoma, tuma barua pepe siku hiyo hiyo. Ukingoja siku ya mtihani hakuna mtu wa kukusaidia.

Dada Rukia: Na kazi za vikundi! Mwalimu akiwachanganya na wa mchana, wenzako watakutana saa 6 mchana chini ya mti na jina lako litaachwa. Mwambie CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, aombe mapema makundi ya jioni yawe ya jioni peke yao. Vyuo vingi hugawa alama 40 za majaribio na kazi na 60 za mtihani wa mwisho. Mtu wa jioni huzipoteza kwenye zile 40, na ukiingia mtihani na 15 mkononi, sapu, yaani mtihani wa marudio, inakunusa. Sapu yenyewe kwa kawaida ukifaulu unapewa C, hata ukipata 80.

Zawadi: Na fildi je, yale mafunzo kwa vitendo? Wiki nane kazini kwa watu nitazitoa wapi?

Mjomba Saidi: Omba ufanyie hapo hapo ulipo, lakini si stoo. Wakuhamishie idara ya uhasibu kwa wiki hizo, uwe na msimamizi mwingine wa kusaini kitabu chako. Ukibaki stoo ukaandika ni fildi ya uhasibu, msimamizi wa chuo akija kukukagua atauliza umefanya malinganisho gani ya benki, utakosa la kujibu.

Shangazi Mwajuma: Na kadi ya NHIF ya kazini ipige nakala upeleke chuoni. Bila hivyo watakuandikia bima ya wanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, unalipa mara mbili bure.

Zawadi: Nimeandika yote. Kesho saa ya chakula napiga simu udahili, nina maswali manne: jioni ni miaka mitatu au minne, ada inalipwa kwa awamu ngapi, maktaba inafungwa saa ngapi, na

Zawadi: na mkondo wa jioni ukikosa watu wa kutosha wanatupeleka wapi?

Mjomba Saidi: Hilo la mwisho ndilo la kwanza. Wakisema "mtaunganishwa na mchana", omba wakuandikie kwenye barua pepe idadi ya chini ya wanafunzi na tarehe ya kuamua. Wakikataa kuandika, omba chuo cha pili pia. Pale mjini kuna IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), kuna CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), na Chuo Kikuu Huria kipo Kinondoni kama jioni zote zitashindikana. Jaza zaidi ya kimoja, ukichaguliwa viwili utathibitisha kimoja kwa ile namba ya siri ya TCU.

Shangazi Mwajuma: Barua ya kazini niletee rasimu kabla hujaisaini. Iwe na mambo matatu: siku na saa za vipindi, zile dakika 15 na namna ya kuzifidia, na tarehe za mitihani. Ukurasa mmoja.

Zawadi: Jumamosi jioni itakuwa kwako shangazi.

Mama Zawadi: Jumamosi hiyo saa 9 si umesema unasoma?

Zawadi: Mama, chuo hakijaanza! 😂

Mama Zawadi: Anza kuzoea.