Naomba ushauri: picha ya ukutani, nichukue karatasi gani na fremu gani?

Wakuu habari zenu, kuna mpiga picha nimependa kazi yake, majahazi ya Lamu jua linazama, nataka niinunue saizi ya A2 nitundike sebuleni. Sasa ananipa chaguo, karatasi ya pamba asilimia 100 ile nzito ya gramu 308 kwa mita ya mraba isiyong'aa kabisa, au ya kung'aa ya kawaida ambayo bei ni kama nusu tu. Mi naishi Tanga karibu na bahari, unyevu wa huku mnaujua, hadi viatu kabatini vinaota ukungu, sasa naogopa hiyo pamba isije ikanyonya unyevu ikajikunja mawimbi. Halafu anasema wino wake ni wa pigmenti (ule wa chembechembe za rangi) haupauki haraka, ni kweli au ananipiga sound?

Kwenye fremu ndo nimechanganyikiwa zaidi. Fundi wa huku anataka aibane picha moja kwa moja kwenye kioo, nyuma hadibodi na vimisumari basi, ila nimesikia picha ikigusa kioo inaganda na ukija kuitoa inachunika, eti lazima iwepo ile kadibodi ya kuzunguka pembeni isiyo na asidi. Hiyo kwa Dar inapatikana wapi? Na kioo cha kawaida au akriliki (ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), maana ukuta wenyewe unapigwa na jua la asubuhi. Picha inakuja imeviringishwa kwenye bomba kwa hiyo fremu ni juu yangu. Aliyewahi kufanya hii kitu anijuze, jamaa anasubiri jibu kabla ya wikiendi.